Sauti Yangu Iko Kwenye Kompyuta

Eldoret, ghorofani juu ya duka la vitambaa

Mama Wairimu,

Kabla hujasoma, kaa chini, panguza miwani, na umfukuze huyo kuku anayependa kulala kwenye kiti changu. Najua amekikalia. Ningekuwa kuku ningefanya vivyo hivyo.

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kulitafuta. Mikono ni miwili, miguu ni miwili, meno ni yale yale machache. Wewe je? Goti lako linasemaje na baridi ya Karatina? Yule ng'ombe mwenye kiburi amezaa, ama bado anatuahidi tu kama wanasiasa? Majani ya chai yanachumwa, ama wachumaji wamejifungia majumbani? Nataka majibu ya yote, hata hilo la ng'ombe.

Barua hii anakuletea Yusuf, dereva wa lori. Ni ndugu yake Halima, huyo mama aliyekupigia simu mara moja akakuambia, "Mzee yuko, usipige tena," akakata. Najua ulimtukana. Mpe Yusuf chai, usimkaushe na maswali, na ukimaliza kusoma karatasi hizi zitie jikoni zichemshe maji. Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu Kikuyu chako kinanichekesha na Kibukusu changu kinakuudhi.

Sasa nikueleze. Unajua kile kibaraza changu karibu na korti, pale nilipokuwa nikiwapigia watu barua kwa mashine ya taipu. Matokeo ya kura yalipotangazwa, mji ulibadilika kabla sijavaa kofia, wakaanza kuwawinda Wakikuyu na kuwachomea. Nilikimbia. Mimi niliyekuwa nikikuambia mzee hakimbii, nilikimbia hadi nikampita kijana aliyekuwa akikimbia pia, naye akaniangalia kwa heshima. Niliacha mashine, niliacha koti, na ndani ya koti simu na kitambulisho. Vyote viliungua. Mlango wa kwanza niliouona wazi ulikuwa wa Halima, nikaingia bila hodi.

Halima ni mama wa kutoka kaskazini, anauza vitambaa na mapazia, na nyuma ya duka ana saiba ndogo ya kompyuta tatu. Nilikuwa nikimpigia barua zake za mizigo. Aliniangalia nikihema, akafunga mlango, akasema, "Mzee, kuanzia leo wewe hujui kuongea."

Nikamwambia, "Halima, hilo ni jambo gumu kwa mtu kama mimi."

"Sema 'Halima, hilo' tena ujisikie," akasema. "Hata mtoto wa nasari atajua umetoka wapi."

Kweli tupu. Unaujua ulimi wangu, na zile herufi mbili, L na R, zinazobadilishana viti kila nikifungua mdomo. Wewe umecheka nazo tangu tuoane. Huku hakuna anayecheka nazo sasa. Kwa hivyo ikapangwa kwamba nimeugua koo, sauti imepotea. Halafu akauliza nitaitwa nani, na jina la kwanza lililonijia ni la ndugu yako. Mimi sasa ni Wafula wa Chwele. Mwambie Wafula pole. Mwambie jina lake linanibana kwapani kama shati la kuazima.

Fikiria hiyo adhabu. Kuna watu wamepoteza nyumba, wengine watoto, na mimi nakulilia ulimi, najua ni aibu. Lakini wewe ndiye unayejua kwamba mimi nikinyamaza dakika moja unakuja kunishika paji la uso. Nimekaa hapa wiki na wiki, mchana nyuma ya duka, jua likizama napanda stoo ghorofani. Nalala juu ya mapazia mazito yaliyoagizwa na watu wa mtaa wa Elgon View, ambao hawajarudi kuyachukua. Dirisha ni moja na linatazama ukuta. Nimeusoma ukuta huo hadi nikaumaliza.

Siku za kwanza nilikuwa mtu wa stoo tu. Halafu utulivu kidogo ukarudi, watu wakataka barua, maana kila mtu alikuwa ameunguliwa na kitu na ofisi zinataka maandishi. Halima akasema mzee asiyeonekana ndiye anayetiliwa shaka, bora nionekane. Akaniweka kwenye kompyuta ya kwanza kabisa, karibu na mlango. Mteja anaongea, mimi naandika. Akiniuliza kitu, namjibu kwa kuandika kwenye skrini. Ulikuwa mpango mzuri. Ubaya wake ulikuwa kompyuta yenyewe.

Mama Wairimu, ile mashine ilikuwa mgonjwa kuliko mimi ninayejifanya. Halima aliinunua kuukuu kutoka ofisi fulani, na kila mwanafunzi aliyeingiza flashi yake aliiachia virusi. Ukibonyeza ifungue ukurasa wa kuandika, unaweza kwenda kuchemsha chai, unywe, uoshe kikombe, urudi uikute bado inafikiri.

Siku moja wakaingia vijana wawili. Si wabaya wa uso. Mmoja ana mwanya kama wa Wairimu wetu. Lakini walikuwa wale wa kuzunguka maduka wakiuliza nani yuko wapi. Mwenye mwanya akaniegemea mezani, akasema, "Mzee, hatukujui. Unaitwa nani?"

Nikaonyesha koo. Nikabonyeza kompyuta. Ikaanza kufikiri.

Vijana wakangoja. Mimi nikangoja. Kile kidude cha saa kwenye skrini kikazunguka. Nikamtolea yule kijana tabasamu, tabasamu likaisha, nikatoa lingine. Mwenzake akasema, "Ama huyu mzee hajui jina lake?" Halima akapaza sauti kutoka mbele, "Ni Mzee Wafula, wa Chwele, koo limemshika," na kijana akamjibu bila kugeuka, "Tumemuuliza yeye." Ukurasa ulipofunguka hatimaye, vidole vilikuwa na haraka nikaandika WAFLA. Wakatazamana. Wakasema watarudi.

Walipotoka, Halima aliketi juu ya robota la kitambaa akaweka mikono kichwani. Hakuniambia niondoke. Angeniambia ningeondoka, na sijui ningeenda wapi. Mtu akijulikana amefichwa hapa, hawatamchoma mtu peke yake, watachoma na duka. Na ndani ya duka yuko binti yake.

Huyo binti ni Hodan. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni huko Kesses. Chuo kilifungwa, akarudi kwa mama yake na begi moja, akakwama hapa kama mimi. Ni mrefu, mkali, na hacheki na utani wangu mpaka nigeuke, ndipo nasikia anacheka. Alikuja akaitazama kompyuta yangu kama daktari wa ng'ombe.

"Mzee, hii mashine si mbaya," akasema. "Imebebeshwa tu. Uso wake ni mzito kuliko mwili."

Nikamwandikia: HATA MIMI NILIOA HIVYO.

Usikunje uso, nilikuwa natania.

Akanieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Kompyuta ina injini, na ina uso. Injini unaweza kubadilisha, na uso pia unaweza kubadilisha, kila kimoja kivyake. Injini aliyotaka kuniwekea inaitwa Linux, haiuzwi, watu huigawa bure kama maji ya mtoni, naye alikuwa nayo kwenye diski, ile sidii, ndani ya begi. Na juu ya injini hiyo kuna nyuso nyingi. Kuna uso uliojipamba, wenye vivuli na madirisha yanayorukaruka, na huo ungeiua mashine yetu siku ya kwanza. Na kuna uso mwepesi, unaokula kidogo. Huo mwepesi unaitwa Xfce. Jina halitamkiki hata na mtu mwenye koo zima. Alama yake ni panya. Nikasema moyoni, panya anafaa, anapita mahali padogo na hana kelele.

Tuliifunga saiba siku hiyo, tukaweka kibao kwamba stima imeleta shida. Sidii ikazunguka. Ikafika mahali ikauliza, wewe ni nani, andika jina lako kamili. Mimi mtu wa taipu, vidole vyangu husikia swali na kujibu bila kupitia kichwani. Nilikuwa nimeandika jina nililopewa na baba yangu, lote, na la babu nikaanza, Hodan alipoushika mkono wangu. Alifuta herufi moja moja, akaandika wafula, akanirudishia kibodi. Mikono yake ilikuwa baridi. Hapo ndipo nilijua na yeye anaogopa. Nilikuwa nikidhani anaogopa mama yake tu.

Kompyuta ikazima, ikawaka. Sijakuona wewe ukiamka haraka hivyo. Nilibonyeza ukurasa wa kuandika, ukafunguka kabla sijatoa kidole. Nikaufunga, nikaufungua. Nikafanya hivyo mpaka Hodan akasema, "Mzee, utaichosha." Nilikuwa na machozi, nikasingizia vumbi la mapazia.

Halafu tukaanza kuukata uso huo unitoshe, kama fundi na suti. Hodan alitaka kuweka picha ya mlima wenye theluji nyuma. Nikakataa, mlima wenye theluji ni kusema kwetu ni wapi. Tukaweka rangi moja tu, bluu ya sare ya shule. Picha ndogondogo zilizotapakaa nikaziondoa zote. Ule ukanda wa juu tukautoa, tukaacha mmoja wa chini, mnene, wenye kitufe kimoja kikubwa cha kuandika, maana macho yangu unayajua. Maandishi tukayakuza mpaka neno moja linajaza nusu ya skrini, mtu aliyesimama mlangoni anasoma. Vivuli vya madirisha, toa. Mlio wa kuwaka, toa; ulinishtua nikadhani ni simu. Kila tulichotoa mashine ilizidi kuwa nyepesi, na mimi nikawa mkaidi, nikawa nataka kutoa hata saa. Hodan akasema saa iache, wateja wataiuliza.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile vitufe vya juu kwenye kibodi, F hii na F ile, ambavyo maisha yangu yote nimevikwepa. Hodan alinionyesha kwamba unaweza kuuambia uso huu, nikibonyeza hiki, fungua karatasi fulani. Kwa hivyo nimeandika majibu yangu mapema. Nikibonyeza moja inatokea: NAITWA WAFULA. KOO LINAUMA. KARIBU. Nikibonyeza nyingine: KWETU NI CHWELE. KAHAWA TUNAYO, SUKARI NJOO NAYO. Nyingine: MIMI NI MZEE, SIASA NIMEWAACHIA WENYE MENO. Na kuna moja ya wanaokawia kulipa, siiandiki hapa kwa sababu najua utamsomea mchungaji.

Tena uso huu una vyumba vinne. Nyumba ni moja, vyumba ni vinne, unatoka kimoja kwenda kingine kwa kubonyeza vitufe vitatu pamoja, na wa nje haoni ulikotoka. Cha kwanza ni cha wateja. Cha pili ni cha majibu. Cha tatu nacheza karata. Cha nne ndimo ninamokuandikia barua hii, mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa dukani, mstari mmoja leo, miwili kesho. Mtu akisogea naruka chumba cha kwanza. Nimetembea sana humo, Mama Wairimu. Ndiko kutembea kwangu kote tangu mwaka uanze.

Vijana walirudi kama walivyosema. Yule mwenye mwanya hakunipa hata nafasi ya kutabasamu. "Sasa mzee, tuambie. Unaitwa nani?" Nikabonyeza. Jina likaruka kwenye skrini kubwa kama bango la duka la nyama. Akashtuka. "Na kwenu?" Nikabonyeza. Akasoma ile ya sukari, akacheka, akamwita mwenzake, "Kuja uone, huyu mzee ni noma." Wakaanza kuniuliza maswali kwa kunijaribu, kama watoto na kasuku, nami nabonyeza, na lile nisilokuwa na jibu lake naliandika palepale, haraka, bila kukosa herufi. Mwisho mwenye mwanya akavuta kiti akasema anataka nimwandikie barua ya kutafuta kazi.

Nilimwandikia nzuri. Anaishi na dada yake na hana kazi tangu amalize shule. Ni mtoto wa mtu. Sijui alifanya nini zile siku mbaya, na nilimpigia barua hiyo nikiwa sitaki kujua.

Nilidhani hapo nimepona. Kumbe nimejifungia mlango mwenyewe kwa ndani. Habari za mzee bubu na kompyuta yake ya haraka zikaenea mjini. Wakaja wa kuandikiwa, wakaja wa kutazama tu. Akaja mchungaji mmoja, mtu mkubwa mwenye viatu vyeupe, akanishika koo kwa mikono miwili akaomba, "Pokea sauti, baba! Pokea!" Duka zima limefumba macho. Mama Wairimu, nilisikia sauti inapanda. Nilikuwa na maneno ya wiki nyingi yamejipanga kooni, na huyu anayafungulia geti. Niliuma ulimi. Nikabonyeza karatasi iliyosema AMINA, nikamwandikia chini yake, PENGINE KESHO. Aliondoka amevunjika moyo kidogo. Hodan alikimbilia ghorofani na tukamsikia akicheka ndani ya mapazia.

Nilimwomba Yusuf anichukue kwa lori, nijilaze katikati ya magunia mpaka Nakuru, kisha nije kwako hata kwa miguu. Alikataa. Akasema karibu na Timboroa kuna mahali magari yanasimamishwa, na magunia yanadungwa na vyuma virefu. "Mzee, nikupeleke ukiwa hai au nisikupeleke," akasema. Sikumwomba tena.

Ndiye aliyeniambia habari zako. Nilimtuma apite hapo Karatina, dukani kwa mama muuza mboga, jirani yetu wa chini, aulizie kwa mbali. Akarudi akasema kuna watu hapo kwetu wanakuuliza utaenda kwenu lini. Kwenu. Umeishi kwenye boma hilo kuliko ulivyoishi mahali pengine popote duniani, umezaa humo, chai hiyo ulipanda kwa mikono yako, na kuna mpumbavu anakuuliza utaenda kwenu lini. Nilisoma jina la mpumbavu mmoja usoni mwa Yusuf bila yeye kulitaja. Ni yule niliyempa mbegu ya ndizi. Mwambie nimesema arudishe ndizi.

Usiondoke, Mama Wairimu. Hilo ndilo neno moja katika barua hii lisilo na utani.

Sasa nifike kwenye lililotokea juzi.

Kuna mama mzee wa kwenu anayeuza mboga hapa sokoni, wote wanamwita Kukhu, yaani bibi. Alisikia kuna ndugu yake kutoka Chwele amepoteza sauti, akaja kunisalimia, na kikapu mkononi. Yule kijana mwenye mwanya alikuwa kwenye kompyuta ya pili, anaandika barua nyingine ya kazi. Hodan alikuwa kando yangu. Kukhu akaingia, akasema, "Mulembe," akaninyooshea mkono.

Unajua nilichofanya? Miguu ilisimama yenyewe. Nikatoka kwenye kiti, nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikampa bega, macho nikayapeleka kwenye robota la pazia la kijani. Mkono wake nikauacha hewani.

Tangu tuoane, kila nilipokuja kwenu, mama yako akitokea nilifanya hivyo hivyo. Mimi watu wenu nawajua kwa upande wa mkwe tu. Najua nikae wapi karibu na mlango, nisile nini, nisimtazame nani, nisimshike nani mkono. Ndugu wa kiume anavyojibeba mbele ya mama mzee wa kwao, hilo sikufundishwa. Sikuwahi kulihitaji.

Hodan akasema haraka, "Kukhu, hana sauti, ngoja akuandikie." Akabonyeza kitufe kwa niaba yangu. WAFULA likaruka kwenye skrini.

"Mimi sisomi, msichana wangu," akasema Kukhu. "Mimi naangalia."

Akaja upande wangu wa kulia anione uso. Nikageuka kushoto. Akaja kushoto, nikageuka kulia. Ningetaka kuacha, mwili ulikataa. Akaweka kikapu chini, akaketi kwenye kiti changu, akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika. Kisha akasema kwa Kibukusu, polepole, "Huyu ndugu yangu ananikimbia kama mtu aliyeoa binti yangu."

Kijana mwenye mwanya akainua kichwa. Kibukusu hajui, lakini kicheko alikiona. "Kukhu," akasema, "huyu mzee mnajuana?"

Skrini ilikuwa mbele yangu na vitufe vyote, na hapakuwa na hata kimoja cha kunisaidia. Halima alisimama na mkasi mkononi, kitambaa cha mteja nusu kimekatwa.

"Huyu?" Kukhu akasema kwa Kiswahili. "Huyu ni wa nyumba yetu. Tangu zamani ana haya ya kijinga. Hata akiwa na sauti hakuwa na la maana." 

Kijana akacheka, akarudi kwenye barua yake. Mkasi wa Halima ukaendelea.

Alipoondoka huyo kijana, Kukhu alikuwa bado ameketi. Akaniuliza, "Umeoa kwa nani?" Nami nikafungua mdomo. Sauti ilitoka kama bawaba ya mlango wa kanisa. Nikamwambia, nimemuoa Nanjala, binti wa mwisho wa mzee aliyekuwa na mashine ya kusaga pale Chwele. Akafikiri. Akasema mashine anaikumbuka, ilikuwa na kelele. Halafu akanigombeza, na mimi nikitazama pazia. "Mkwe wa watu analala juu ya vitambaa kama paka, na shemeji zake wako hai? Alhamisi naenda nyumbani na pikapu ya mwanangu. Barabara ya huko iko wazi. Wewe utakaa nyuma na mboga, ili tusitazamane."

Nimekaa na maneno hayo siku mbili. Yananipeleka upande usio wako. Kila kilomita itanitoa kwako. Na mwanaume wa umri wangu kwenda kuishi ukweni, unajua watakavyosema. Nitalala boma moja na mama yako, ambaye sijawahi kumwona uso vizuri. Nitakula kwa Wafula, na Wafula atanikumbusha mbuzi wa mahari niliyemleta akiwa na mguu mmoja mbovu.

Lakini nikibaki, siku moja atakuja mtu wa Chwele anayejua kusoma na anayemjua Wafula. Halima hatanifukuza, hilo nimeliona. Wakija atakaa mlangoni na mkasi wake, na Hodan yuko ndani. Kwa hivyo nitaenda. Nimeshamwambia Kukhu. Halima alikata kitambaa cha koti akanipa, akasema nishone huko. Hodan alikuja akanifundisha jinsi ya kunakili ule uso kwenye flashi, karatasi zote na vitufe vyote, ili nikikuta kompyuta yoyote huko nisianze upya. Nilimwambia kwa sauti yangu mwenyewe, na herufi zangu zote mbovu, kwamba ameniokoa. Akasema, "Mzee, kumbe unaongea hivyo. Ni afadhali ulivyokuwa unaandika."

Mpigie ndugu yako simu umwambie nakuja, asije akapiga yowe mlangoni akidhani ni mzuka. Amweleze mama yako apate nafasi ya kujificha.

Nisalimie Kariuki, ndugu yangu mdogo. Mwambie ahamie kwenye kile chumba cha mbele mpaka nirudi, na kila jioni aketi getini mahali anapoonekana, akiulizwa aseme analinda nyumba ya shemeji yake. Nisalimie Wairimu, binti yetu, na mumewe mpole anayeniogopa bila sababu. Nisalimie mama muuza mboga, jirani yetu wa chini, kwa kuwanyima habari zetu wale wasiostahili. Mchungaji wetu mwambie tu nipo.

Na kuna kitu sijawahi kukuuliza. Siku ya kwanza ulipokuja kwetu, hujui lugha, hujui mtu, mama yangu anakutazama na dada zangu wanacheka, ulifanyaje? Ulikaa wapi kwanza? Ulishika kazi gani bila kuambiwa? Ulikuwa ukilia saa ngapi nisikuone? Mimi nilikuwa shambani najisifu kwamba nimeoa, sikuangalia. Niandikie hayo kwa anwani ya ndugu yako, yote, hata madogo, kwa sababu kuanzia Alhamisi nitayahitaji.

Mume wako,
Baba Wairimu